Binti Aliyeomba Ruhusa ya Kila Kitu

Mimi si mtu wa subira, na wanaonijua watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Nashona mapazia sebuleni kwangu, na mteja akinibadilishia kitambaa mara ya pili namfungulia mlango aende zake. Sasa Mungu alipoamua kunipa mtoto wa kulea, akanichagulia mtoto ambaye haendi hata chooni bila kuuliza.

Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na miwili, ameshapitishwa kwenye nyumba za watu na makao ya watoto mpaka mwenyewe akawa anachanganya ipi ilitangulia. Kila nyumba ilikuwa na sheria zake, na kila mara alivunja sheria ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Basi akajitafutia dawa, akawa anauliza kwanza. Naomba kunywa maji. Naomba kukaa. Naomba kuzima taa. Wadogo wawili ninaowalea pamoja naye wakampa jina la Naomba, na jina likamganda. Yeye alilipenda, ila aliuliza kwanza kama anaruhusiwa kulipenda.

Nilimwambia weee, mpaka nikachoka, kwamba hapa ni kwenu, mtu haombi maji kwao. Akawa ananijibu kwa adabu zote, "Sawa, mama. Naomba basi nisiwe naomba." Hapo utafanya nini? Nilikuwa nacheka mbele yake, kisha naingia chumbani moyo unaniuma.

Akafikisha miaka kumi na minane, sheria ikasema malezi yamekwisha. Sheria haina soni. Jana ni mtoto, leo ni mtu mzima, shika begi lako. Kilichotuokoa ni kwamba upo utaratibu wa mwaka mmoja wa kumsindikiza kijana mpaka asimame mwenyewe. Afisa ustawi anamtembelea, na sisi tuliomlea tunaruhusiwa kumshika mkono, mradi tusimbebe mgongoni. Afisa wetu ni kijana mpole mwenye pikipiki kuukuu, na kofia yake ya pikipiki huwa haivui mpaka akumbushwe. Mara nyingi nimezungumza naye habari nzito nikiwa natazama pua tu.

Tulimpatia Naomba chumba kwenye ua wa mama mmoja mtu mzima, mitaa michache kutoka kwangu. Chumba kizuri tu, sakafu ya saruji, dirisha linalofunguka bila kupigwa ngumi, bomba papo hapo uani. Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba huyo Mama Mwenye Nyumba, kabla ya kustaafu, alikuwa matroni wa bweni la wasichana.

Wiki ya kwanza Naomba akamwomba ruhusa ya kuanika nguo. Yule mama, ambaye tangu astaafu hakuna kiumbe aliyemwomba ruhusa ya jambo lolote, akajikohoza, akanyoosha mgongo, akasema, "Anika. Lakini nguo za ndani ziende kamba ya nyuma." Basi mambo yakanoga. Naomba kutoka. Toka, saa mbili uwe umerudi. Naomba kupika. Pika, sufuria uoshe kabla hujala. Siku niliyokwenda kumsalimia nikamkuta mama yule ameinama anakagua pembe za shuka, na binti yangu amesimama kando ya kitanda, mikono nyuma.

Nikawaka. "Huyu ni mpangaji, dada yangu, si mwanafunzi!"

"Kwani mimi nimemlazimisha?" akasema bila hata kugeuka. "Mtu anaulizwa swali asijibu? Mwenzio nina malezi."

Na Naomba, badala ya kuona aibu, alikuwa anatabasamu. "Mama, anajua sana kujibu," akaniambia. Maneno hayo yalinichoma. Nilikaa miaka yote nikimfungulia mlango wa kizimba, naye katoka, kapiga hatua mbili, kajitafutia kizimba kingine chenye bomba uani.

Nikampigia simu afisa, nikammwagia yote. Akaja jioni hiyo.

"Mama, punguza jazba," akasema ndani ya kofia. "Kazi yako ni moja tu. Akikuuliza, usimjibu. Mrudishie swali. Mwambie, wewe unaonaje?"

"Akisema hajui?"

"Unangoja."

"Nangoja mpaka lini?"

"Wewe unaonaje?" akasema. Bahati yake ile kofia alikuwa bado hajaivua.

Kungoja si fani yangu, kwa hiyo nikabuni mbinu. Sisi washona mapazia tukipima pindo huwa tunabana pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni hawezi kusema kitu zaidi ya "mmh". Nikawa nikimwona Naomba anavuka barabara kuja kwangu, najaza pini mdomoni haraka haraka kama mwizi anayeficha mali.

"Mama, nipake ukuta wangu rangi gani?"

"Mmh."

"Naomba nipake kijani?"

"Mm-mmh," na nyusi nazipandisha, maana yake wewe unaonaje. Akasimama, akakuna kichwa, akaangalia dari, akaondoka amenuna. Wiki iliyofuata akaja na madoa ya njano kwenye nywele. Amepaka njano. Njano! Rangi ambayo mimi nisingeipaka hata kwenye banda la kuku. Nilikaribia kumeza pini kwa furaha.

Kwa hiyo tulikuwa tunasogea, kidogo kidogo. Kazi alikuwa nayo tayari, kwenye karakana ya mzee mmoja tunayemwita Fundi Miwani. Mzee anachukua vipimo vya macho na kuuza fremu, Naomba yuko nyuma kwenye mashine, anasaga kingo za lenzi mpaka ziingie kwenye fremu. Ukisaga pungufu haiingii, ukizidisha inalegea, na kioo ukishakisaga hakirudi kilivyokuwa. Alijifunza kazi hiyo bado yuko kwangu, na mzee alikuwa haishi kumsifia.

Ndipo likaja jambo lenyewe. Fundi Miwani alikuwa anafungua tawi kwenye mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alitaka mtu wa kusimamia mashine huko, na mtu aliyemtaka ni Naomba. Kama Naomba hataki, atakwenda mpwa wa huyo mzee, kijana ambaye kwa maelezo ya binti yangu ameshapasua lenzi nyingi kuliko alizosaga. Jibu lilitakiwa kabla ya Jumamosi kwisha, na safari iwe Jumatatu.

Akaja kwangu mbio, hata viatu hakuvua. "Mama, nimepewa tawi! Naomba niende?"

Pini zilikuwa mdomoni, nashukuru. Maana nikuambie ukweli wa moyo wangu, sikutaka aende. Nilimtaka hapo mitaa michache kutoka kwangu, apite jioni, aniulize kama anaruhusiwa kuonja mboga. Neno moja tu lingetosha. Ningesema "usiende", angeshukuru, angebaki, na angebaki maisha yake yote kwa sababu mimi nilisema. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba kumzuia kulikuwa kazi rahisi kiasi hicho. Nikapandisha nyusi. Akaningoja. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zote, nikashona pindo ambalo baadaye ilibidi nilifumue.

Kwa kuwa kwangu hakupata kitu, akazunguka. Mama Mwenye Nyumba akamkatalia hapo hapo, akamwambia mabinti hawahami katikati ya muhula. Afisa akamuuliza yeye anaonaje. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, tunamsikia kwenye simu kuliko tunavyomwona, Naomba akampigia huko barabarani, akaeleza habari yote kwa kirefu, na yule bwana akafikiri, akajikohoza kiume, akasema, "Muulize mama yako."

Alhamisi uvumilivu ukanishinda, nikajifanya nampelekea chakula kazini. Nikasimama mlangoni. Kulikuwa na mteja, baba mnene wa haja, ameshikilia kifremu chembamba anakitaka hicho hicho. Fundi Miwani alikuwa ametoka. Naomba amesimama nyuma ya kaunta na aproni yake.

"Hapana, baba," akamwambia. "Hii itakubana hapa kwenye panda za uso, ikifika mchana kichwa kinakuuma. Chukua hii."

"Lakini mimi nimeipenda hii."

"Hata mimi naona ni nzuri. Hapana."

Yule baba akacheka, akachukua aliyopewa. Naomba akarudi kwenye mashine, akainamisha kichwa, maji yakawa yanatiririka kwenye jiwe la kusagia na lenzi inalia. Anasaga, anasimamisha, anaangalia juani, anasaga tena, hamtazami mtu. Mimi binti huyo nilikuwa simjui. Nilisimama pale nimekumbatia bakuli la chakula kama nimekuja kuomba kazi.

Kisha akaniona. "Mama! Naomba nile sasa hivi au nisubiri?"

Nilitamani kumrushia bakuli. Nikaliweka kaunta, nikaondoka zangu bila kumjibu, lakini njia nzima nilikuwa najisemesha mwenyewe kwamba anaweza, huyu mtoto anaweza, na nilikuwa sijui kama nafurahi au nimeanza kulia mapema.

Ijumaa Fundi Miwani akamuuliza, vipi, umeamua? Naomba akamjibu vile vile alivyozoea, "Nyumbani bado hawajanijibu." Sasa yule ni mzee wa zamani. Binti akisema nyumbani hawajajibu, kwake yeye maana yake ni moja, kwamba familia imekasirika kwa kutofuatwa kwa heshima. Jumamosi mchana nikasikia hodi. Nikachungulia. Mzee amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinang'aa, kashika boksi la biskuti kwa mikono miwili. Nyuma yake yuko kaka yake mkubwa, ambaye aliletwa kwa ajili ya uzito na kazi yake kubwa siku hiyo ilikuwa kukohoa.

Naomba alikuwa kwangu, kama ilivyo Jumamosi zote. Kuona bosi wake amevaa hivyo, akakimbilia jikoni kuchemsha chai. Wale wadogo wawili nao wakatoka barabarani wakipiga kelele, "Amekuja kuposa! Naomba anaposwa!"

Habari hiyo haikuchukua muda kufika mitaa michache. Kabla wageni hawajakaa vizuri, Mama Mwenye Nyumba akaingia na mkoba wake kwapani, akachagua kiti cha katikati. Nyuma yake afisa ustawi, ambaye ilikuwa siku yake ya kututembelea na alidhani kumetokea msiba. Tukajibana wote sebuleni katikati ya mapazia ya watu.

"Mama," akaanza Fundi Miwani, na kaka yake akakohoa. "Tumekuja kwa heshima zote. Tunamwomba binti yenu."

"Kwa ajili ya nani?" akadakia Mama Mwenye Nyumba.

"Kwa ajili ya mashine."

"Ala! Siku hizi mabinti wanaozwa mashine?"

"Ni kazi, mama. Tawi. Na mahali pa kukaa nitamtafutia, kwa watu wazuri kabisa." Akanigeukia mimi. "Yeye amesema nyumbani hamjajibu. Nami namheshimu kwa hilo, binti asiyeruka wazazi wake. Basi neno ni lako. Unasemaje?"

Wote wakanitazama. Pini zilikuwa kwenye kikopo chake, juu ya cherehani, kona ya pili ya sebule. Huko jikoni kijiko kilichokuwa kinakoroga sukari kikanyamaza. Nilijua amesimama nyuma ya mlango ananisikiliza, na nilijua chochote nitakachosema ndicho atakachofanya. Nikafungua mdomo. Neno "haendi" lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, limevaa na viatu kabisa. Nikalimeza. Likapita kama mfupa wa samaki.

"Hamjamuuliza mwenye safari," nikasema.

"Mwenye safari anajua nini?" akasema Mama Mwenye Nyumba. "Mtoto yule hata dirisha hafungi bila kuniuliza! Mnataka mkamtupe mji wa watu?"

"Hakuna anayemtupa," akasema Fundi Miwani, naye kapanda moto. "Nitamweka kwa dada yangu, atamwangalia kama mwanawe."

"Dada yako ana uzoefu wa mabinti? Mimi nimelea bweni zima!"

"Kwa mujibu wa utaratibu," akasema afisa, na kofia bado iko kichwani, "kijana akihama wilaya kwanza mimi naandika..."

"Wewe vua hiyo kofia ndipo uongee!" nikamkemea, kwa sababu hasira zangu zilikuwa zinatafuta pa kwenda. Basi ikawa vurugu. Yule anasema dada yake, huyu anasema bweni, afisa anapambana na mkanda wa kofia uliokataa kufunguka, kaka mtu anakohoa kwa mfululizo. Wote tunagombania mahali pa kumweka, kama kabati.

Naomba akaingia na sinia la chai.

"Nyamazeni kidogo," akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama alivyomwambia yule baba wa fremu. Tukanyamaza, hata kaka mtu. Akaweka sinia mezani, akaanza kumimina. Chai nyingine ikamwagikia sahani.

"Nitakwenda," akasema akiwa bado ameinama. "Lakini si Jumatatu, mzee. Kuna miwani za wateja nimezianza, nizimalize kwanza, usije ukampa mpwa wako. Na kwa dada yako sikai. Nashukuru sana, ila nitatangulia mwenyewe nikatafute chumba nikione kwa macho yangu." Akamgeukia Mama Mwenye Nyumba, akampa kikombe kwa mikono miwili. "Na wewe mama, chumba changu nitakuachia kisafi. Rangi ya njano usiibadilishe mpaka nione mpangaji anayekuja ni nani."

Na mimi, mimi niliyeng'ata pini miezi yote hiyo, mimi niliyejidai mwalimu wa uhuru, nilikurupuka kutoka kwenye kochi na nikasikia mdomo wangu unauliza:

"Nani amekuruhusu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa alifumba macho. Naomba akasimama na birika mkononi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kwa makini kabisa, kama anamtafuta mtu huyo kati yetu.

"Hakuna," akasema.

Nadhani na yeye ndio kwanza alikuwa analisikia neno hilo. "Hakuna, mama," akarudia, kisha akaanza kucheka, birika linacheza, chai inadondoka kwenye pazia jeupe la mteja, na mimi nikaanza kucheka naye huku machozi yananitoka, na Fundi Miwani, ambaye hakuelewa chochote isipokuwa kwamba amekubaliwa, akafungua boksi la biskuti na kuanza kugawa.

Mama Mwenye Nyumba alikunywa chai yake. Alipomaliza akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa cheti, "Ukienda kuangalia hicho chumba, ujaribu kitasa kwa ndani. Na bomba ulifungue uone maji." Ndivyo alivyompa baraka zake.

Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Naomba alibaki nyuma anaosha vikombe, mimi nimelowesha pazia kwenye beseni nasugua doa. Alipomaliza akafuta mikono, akavaa viatu, akaanza kutoka. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama, kila mwisho wa mwezi nitakuwa nakuja. Basi linafika saa tatu usiku, kwa hiyo mnibakishie chakula. Na msiwape hawa wadogo nyama yangu, nawajua."

Kisha akaenda zake, hata jibu hakusubiri.

Nilibaki nimeinamia beseni, mapovu mpaka kwenye viwiko. Miaka yote ile hakuwahi kunidai kitu, hata kijiko cha chumvi. Watoto wa watu huomba. Anayekuambia umbakishie chakula na kukutishia juu ya nyama ni wako. Nikalia vizuri, kwa nafasi, mpaka wale wadogo wakaja kuuliza kuna nini. Nikawaambia hakuna kitu, na kwamba nikimkuta mtu anadokoa nyama ya dada yake mwisho wa mwezi atanitambua.